Hakuna Anayevua Peke Yake: mwongozo kamili wa kulinda akili za madaktari wakati wa mlipuko

Mwongozo huu nimeuandika kwa sababu jambo lilelile linaharibika kila mara kwa namna ileile. Mlipuko unaingia, uongozi wa hospitali unabandika ukutani namba ya mshauri nasaha, kundi la WhatsApp linafunguliwa. Wiki mbili za mwanzo watu wanatumiana aya za kutiana moyo. Wiki ya tatu kundi limegeuka ubao wa matangazo ya misiba. Namba ya ukutani haijapigwa hata mara moja, na kwenye kikao uongozi unasema madaktari wetu wako imara.

Hawako imara. Hawapigi simu tu. Mpango wowote unaomtaka daktari anyooshe mkono aseme "nimeshindwa" utakufa, kwa kuwa tangu mwaka wa kwanza wa chuo amezoea kwamba anayenyoosha mkono ni mgonjwa. Kwa hiyo hapa tunajenga kitu ambacho hakimsubiri mtu aombe: wawili wawili.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye kituo cha Ebola ataukumbuka utaratibu huu. Afrika Magharibi, kati ya 2014 na 2016, mtu aliingia eneo la hatari na mwenzake na akatoka naye. Kila mmoja alikagua vazi la mwingine, maana aliyevaa haoni tundu lililo mgongoni mwake. Tunachofanya hapa ni kuuongeza utaratibu huo hatua moja zaidi, baada ya vazi kuvuliwa.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Ratiba ya zamu ya wiki nne zijazo, yenye majina ya wote: mabingwa, madaktari wa kawaida, matabibu na tarajali.
- Barua ya ukurasa mmoja iliyosainiwa na mganga mfawidhi, inayosema dakika kumi za mwisho za kila zamu ni sehemu ya kazi.
- Daftari moja dogo. Litakuwa na tarehe na alama ya vema tu.
- Benchi nje ya jengo, penye hewa na kivuli. Mwembe unatosha. Chumba cha mikutano hakifai, kila mtu anajua kinachosemwa humo kinakofika.
- Mtaalamu mmoja wa afya ya akili asiye mwajiriwa wa hospitali yako.
- Vocha za simu za mwezi mzima, na fedha ya usafiri wa usiku.

Ukikosa barua, usianze. Nimeona mpango ukianzishwa kwa nia njema bila barua, na siku ya nne msimamizi wa zamu akawauliza waliokaa kwenye benchi kama hawana kazi. Ukafia hapo.

Hatua ya 1: Ziba matundu ya mwili kwanza

Pitia wodi ukiwa na orodha: barakoa zipo za kutosha hadi Ijumaa? Maji ya kunywa yapo mahali pa kutokea? Wa zamu ya usiku wanakula nini saa nane usiku? Mishahara na posho zimefika?

Chama cha madaktari cha Kenya, KMPDU, kilipoitisha mgomo Desemba 2020, madai yalihusu vifaa vya kinga, bima na malipo. Mapema mwezi huohuo Dkt. Stephen Mogusu alikuwa amefariki kwa Uviko-19 akiwa na miaka 28, akiwa hajalipwa kwa miezi kadhaa. Ukienda kwa wenzake siku ile na semina ya kuvuta pumzi, utafukuzwa, na utakuwa umestahili.

Weka pia kikomo cha muda ndani ya vazi kamili. Kwenye joto la vituo vya Ebola watu walitolewa baada ya takriban saa moja. Aliyepungukiwa maji huwa na hasira, kizunguzungu na mikono inayotetemeka, nawe utadhani ni hofu.

*Onyo:* usiahidi usichoweza kukileta. Ahadi ya bima isiyotimia inaumiza kuliko kukosa bima tangu mwanzo.

*Imefanikiwa ukiona:* malalamiko kwenye daftari la zamu yamehama kutoka maji na barakoa.

Hatua ya 2: Mwondolee daktari mmoja uamuzi wa mtungi

Watu huiruka hatua hii kwa kuiona ya kiutawala. Mimi naiweka ya pili kwa sababu kinachomfuata daktari nyumbani mara nyingi ni ile dakika ya mtungi mmoja wa oksijeni na wagonjwa wawili, kuliko hata wingi wa vifo.

Andikeni kanuni kabla ya siku hiyo: nani anapewa oksijeni kwanza na kwa vigezo gani vya kitabibu. Uamuzi ufanywe na watu watatu, mmoja wao akiwa hayupo kitandani kwa mgonjwa. Majina ya watatu hao yaandikwe kwenye ratiba. Anayemhudumia mgonjwa atekeleze, asiamue.

Vivyo hivyo kwa simu za msiba. Asiwe mtu yuleyule kila usiku anayezipigia familia. Zungusheni, na asipige zaidi ya mbili kwa zamu moja bila kupumzika.

*Imefanikiwa ukiona:* daktari anasema "tuliamua" badala ya "niliamua".

Hatua ya 3: Panga mapacha

Kila mmoja wa wale wawili sisi tulimwita "pacha" wa mwenzake. "Mwenza" lilileta utani mwingi wodini.

Kanuni za kupanga ni hizi. Pacha wawe wa ngazi moja. Usimweke tarajali na bingwa, kwani huyo bingwa ndiye atakayesaini kitabu chake cha mafunzo, na hakuna atakayemwambia msaini wake kwamba hapati usingizi. Wawe zamu moja. Wasiwe mke na mume, wala marafiki wa kufa na kuzikana: rafiki atakuficha kwa kukupenda. Wakibaki watatu, waache watatu.

Ingiza kila mtu, pamoja na mkuu wa idara. Usiwachague wanaoonekana wanyonge. Utafiti uliochapishwa Machi 2020, uliohusisha wahudumu 1,257 wa hospitali 34 za China, ulikuta nusu yao wana dalili za sonona na zaidi ya theluthi wana shida ya usingizi. Kwa hesabu hiyo, ukianza kuchagua utakosea.

*Onyo:* mtu akikataa pacha aliyepangiwa, mbadilishie bila kumuuliza sababu. Mara moja tu.

*Imefanikiwa ukiona:* unamsimamisha mtu yeyote kwenye korido naye anamtaja pacha wake bila kutazama ratiba.

Hatua ya 4: Wafundishe kuuliza

Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kiswahili chetu kina komeo ndani ya salamu yenyewe. "Hujambo" maana yake huna jambo, na jibu limeshatayarishwa: sijambo. Umemsikia lini mtu akijibu "nina jambo"? "Habari za kazi?" Nzuri. "Mambo?" Poa. Mtu aliyetoka kufunga mfuko wa tatu wa maiti usiku huo atakujibu salama, na atakuwa na adabu zake zote.

Lakini lugha hiyohiyo imeacha ufa. Sikiliza mwanakijiji anavyojibu: "Salama, ila mtoto anaumwa." "Nzuri tu, ila tumefiwa." Jambo lenyewe linakuja baada ya "ila". Tatizo la wodini ni kwamba mwulizaji ameshapita kabla "ila" haijafika. Kwa hiyo zoezi la kwanza la mafunzo ni moja: msalimie mwenzako, kisha nyamaza na uhesabu moyoni hadi kumi. Chumba kizima kitacheka mara ya kwanza. Mara ya tatu hawacheki.

Baada ya salamu, maswali ni matatu, kwa mpangilio huu:

1. Mara ya mwisho umekula nini, na umelala kwa saa ngapi?
2. Kitu gani cha leo unakwenda nacho nyumbani?
3. Usiku huu utakuwa na nani?

La kwanza lina jibu la hesabu, halina aibu, na linafungua kinywa. La pili halisemi "una tatizo". Linachukulia kwamba kila mtu ana mzigo, linauliza upi tu. La tatu ndilo la usalama. Wakati wa Uviko madaktari wengi walihamia vyumba vya kupanga ili wasiwaambukize wazazi, na upweke wa chumba hicho ulikuwa ugonjwa wa pili.

Sasa yasiyofaa. "Uko sawa?" hujibiwa ndiyo. "Pole" ni neno zuri, ila hufunga mazungumzo: ukisema pole anajibu "nimeshapoa", mmemaliza. Itunze hadi mwisho. "Mshukuru Mungu umetoka mzima" lipigwe marufuku kabisa kwenye benchi, hata kama ni kweli. Aliyeambiwa hivyo hatakuletea habari ya kesho.

Pacha hatoi ushauri. Kazi yake ni ile ya mwongozo wa msaada wa kwanza wa kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011: tazama, sikiliza, unganisha. Akianza kutafsiri ndoto za mwenzake, mrudishe kwenye maswali matatu.

*Onyo kubwa:* usikusanye wodi nzima baada ya usiku mbaya na kumtaka kila mmoja asimulie alichokiona, mmoja baada ya mwingine. Kikao cha namna hiyo cha mara moja kilipendwa sana zamani. Utafiti haukukuta kinazuia kiwewe, na Shirika la Afya Duniani halikipendekezi. Anayetaka kusema aseme kwa pacha wake, asiyetaka aachwe.

Mafunzo yote yachukue dakika 40. Yakizidi saa moja, madaktari watatoa simu zao.

*Imefanikiwa ukiona:* katika igizo la mwisho, mwulizaji amevumilia kimya bila kukijaza maneno.

Hatua ya 5: Dakika kumi za kutoka zamu

Kama zamu inaisha saa mbili asubuhi, mapacha wanatoka wodini saa mbili kasoro dakika kumi, baada ya kukabidhi wagonjwa na kuvua vazi. Wanakagua kuvua kwa kila mmoja, wananawa, wanakwenda kwenye benchi.

Dakika mbili za kwanza ni maji. Kaeni, nyweni, msiongee. Kisha dakika nne kwa mmoja, nne kwa mwingine. Anayeanza leo, kesho anamalizia. Mwisho wanapiga vema kwenye daftari, wanaondoka. Hakuna jina la mgonjwa, hakuna alichosema mtu. Daftari likipotea sokoni, anayeliokota aone tarehe na vema tu.

Zamu ikivurugika, na itavurugika, dakika kumi hazifutwi. Zinahamia kwenye simu, ndani ya saa kumi na mbili. Vocha zile ni za kazi hii. Ujumbe wa maandishi hauhesabiki, kwani kwenye maandishi kila mtu yuko salama.

*Onyo:* msizifanye dakika hizi baada ya muda wa zamu kuisha. Ukimnyima mtu daladala ya kwanza ili aeleze uchovu wake, umemwongezea sababu ya kuchoka.

*Imefanikiwa ukiona:* wiki ya pili, mapacha wanakwenda kwenye benchi bila kukumbushwa, na mtu wa maabara anauliza kwa nini wao hawajapewa benchi.

Hatua ya 6: Kubalianeni rangi tatu

*Kijani* ni uchovu wa kawaida: amechoka, amelia, amekasirika, lakini anakula na analala. Endelea.

*Njano* ni pale mambo yanapodumu wiki mbili au zaidi. Hapati usingizi hata akiwa nyumbani. Amekuwa mkali kwa wagonjwa au anawaita kwa namba za vitanda. Anakosea dozi alizokuwa akizijua usingizini. Anakunywa pombe ili alale. Amejiandikia diazepamu, dawa ya kutuliza, na hili liulizeni waziwazi, kabati liko karibu mno. Dawa za kundi hilo hazipendekezwi kwa mshtuko wa karibuni, na daktari anayejiandikia hana wa kumwambia aache. Njano maana yake ni simu kwa mtaalamu wa nje ndani ya siku tatu. Pacha ndiye anayepiga, mwenye shida akiwa pembeni yake.

*Nyekundu* ni kutaja kufa, kujiona mzigo kwa watu, kugawa vitu vyake, kuaga bila safari. Hapa pacha anauliza moja kwa moja: "Unafikiria kujiua?" Kuuliza hakupandi wazo kichwani mwa mtu. Wengi hupata nafuu kwamba hatimaye kuna aliyelitamka.

Akijibu ndiyo, au akinyamaza, haachwi peke yake hata kwenda msalani. Funguo za kabati la dawa zinakabidhiwa kwa mwingine. Mtaalamu anapigiwa hapohapo, si kesho. Zamu yake inajazwa na mtu, na sababu inayoandikwa ni "anaumwa", ambayo ni kweli tupu.

Usiri hapa una uzito wa kisheria pia. Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka Januari 2025 kwamba kuhesabu kujaribu kujiua kuwa jinai kunakiuka Katiba. Tanzania, kosa hilo bado limo kwenye Kanuni ya Adhabu. Ndiyo maana daftari halibebi neno lolote.

Hofu ya kupoteza leseni nayo huua. Dkt. Lorna Breen aliongoza idara ya dharura jijini New York. Aliugua Uviko, akarudi kazini, akazidiwa na akalazwa. Alijiua Aprili 26, 2020. Familia yake imeeleza hadharani alivyoogopa kwamba kutibiwa akili kungemwondoa kwenye udaktari. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria yenye jina lake ya kulinda afya ya akili ya wahudumu wa afya. Wewe huhitaji kusubiri sheria. Mwombe mganga mfawidhi aongeze sentensi moja kwenye ile barua: kumwona mtaalamu hakuingii kwenye faili la mtumishi.

*Imefanikiwa ukiona:* njano zinaripotiwa. Mwezi mzima wa kijani kitupu kwenye mlipuko maana yake watu wanadanganya.

Hatua ya 7: Mtaalamu awe wa mbali

Daktari haendi hospitali za magonjwa ya akili kama Mirembe, Mathari wala Butabika kwa hiari. Si kwa sababu hawaamini wenzake. Atakutana koridoni na waliosoma naye, na mmoja atauliza umemleta nani.

Badilishaneni. Hospitali ya mkoa mmoja impe mtaalamu wake hospitali ya mkoa mwingine, nayo ipewe wa kwao. Mazungumzo ni kwa simu. Mtaalamu hapeleki ripoti kwa uongozi wowote, isipokuwa idadi ya waliopiga kwa mwezi.

Kabla hujaitangaza namba, ipige mwenyewe saa tisa usiku. Isipopokelewa mara mbili, tafuta mwingine. Mtu aliyejikaza wiki nzima hadi akapiga, akakuta haipatikani, hatarudia.

Hatua ya 8: Siku anayefariki ni mmoja wenu

Homa ya virusi vya Marburg ilipoingia Rwanda Septemba 2024, wengi wa walioambukizwa walikuwa wahudumu wa afya. Wenzao ndio waliowatibu. Pangeni siku hiyo kabla haijafika.

Mkuu wa idara atoe habari kwa mdomo, kwa waliopo zamuni kwanza, kabla ya kundi la WhatsApp. Pacha wa marehemu atolewe kazini palepale na apelekwe nyumbani na mtu, si na bodaboda peke yake. Waliomhudumia wasipangiwe kitanda kilekile alichofia; mtu mwingine akitandike.

Mazishi ya mlipuko huwa ya watu wachache na ya haraka, na kwetu aliyekosa kuzika hubaki na deni. Lipeni deni hilo kwa tarehe. Tangazeni mapema siku ya hitima au ibada, hata kama ni baada ya arobaini, iandikwe kwenye ratiba, na zamu ijazwe na idara nyingine ili wodi nzima iende.

*Onyo:* hotuba za "amekufa shujaa" ziwe fupi. Aliye hai anayezisikia anahesabu kama naye anatakiwa.

Hatua ya 9: Usivunje mapacha wimbi likipita

Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwisho wa dharura ya Uviko Mei 5, 2023. Kwa daktari aliyebeba miaka mitatu, kimya ndicho kinachofungua mfuko. Ndoto, kukereka na sauti ya mtungi, kutotaka kuingia jengo fulani: hivi huja wakati wa kupumua.

Mapacha waendelee miezi sita baada ya mgonjwa wa mwisho, mara moja kwa wiki badala ya kila zamu. Mwezi wa kwanza, wa tatu na wa sita, kila mtu ajaze fomu ya PHQ-9, ya maswali tisa ya kupima dalili za sonona, ambayo ipo kwa Kiswahili. Fomu ziende kwa mtaalamu wa mbali, zisipite kwa afisa utumishi. Alama 10 na kuendelea, mtaalamu anampigia mhusika. Swali la tisa, la kujidhuru, likijibiwa chochote zaidi ya "hapana kabisa", simu ni siku hiyohiyo, jumla ya alama iwe yoyote.

Panapovunjika mara kwa mara

Mabingwa hawaji kwenye benchi. Mwombe mmoja anayeheshimika aketi hapo hadharani asubuhi tatu mfululizo. Nasaha nyingine hazitakusaidia.

Mapacha wameishiwa maneno. Vizuri. Wanywe maji yao, waulizane maswali matatu, waende. Dakika nne za kimya bado ni dakika nne za kutazamwa na mtu.

Pacha naye yuko njano. Waunganishe na jozi nyingine wawe wanne kwa muda, na wote wawili wapigiwe simu.

Vema zimejaa daftarini lakini benchi liko tupu. Hii ndiyo mbaya kuliko zote, na utaigundua kwa njia moja tu: kaa getini siku moja saa mbili kasoro robo asubuhi, zamu ya usiku ikitoka, uhesabu wanaotoka wawili na wanaotoka mmoja mmoja.